NILIOGA MAJI YA KUNYWA YA WATU WANANE!

Msomaji wangu, wewe uliyekulia mjini kama mimi, hebu niambie ukweli. Bomba la kwenu likikauka siku tatu unafanya nini? Unamsubiri jamaa wa mkokoteni, unanunua madumu yako mawili, unalalamika kidogo, maisha yanaendelea. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua na Dar tukaingia kwenye mgao, mimi nilikuwa mmoja wa waliopanga foleni na ndoo saa tisa za usiku. Nikajiona mjuzi. Nikasema hapa duniani hakuna mtu wa kunifundisha shida ya maji.

Kumbe bwana, nilikuwa sijui kitu! Shida ya maji nilikuja kuijua nikiwa nimezungukwa na maji. Mbele maji, nyuma maji, chini maji, na koo limekauka kama kifuu cha nazi.

Nitakusimulia bila kuficha, hata pale ninapotia aibu.

SAFARI YA NAZI

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni nahodha wa jahazi. Anachukua nazi Kilindoni, kule Mafia, anazileta Dar. Chombo chenyewe ni cha tanga tupu, hakina mashine. Miaka yote alikuwa ananiambia, "Mjomba, wewe unaandika andika tu magazetini mambo ya disko na mavazi, njoo siku moja uone wanaume wanavyofanya kazi." Novemba moja nikaona yaishe, nikaenda.

Tuling'oa nanga Jumamosi alfajiri. Tulikuwa watu 8: mjomba, mabaharia watano, kijana wa jikoni wa miaka kama 17 hivi, na mimi mgeni wa heshima na miwani yangu ya jua. Kwa upepo mzuri tungekuwa Dar Jumapili. Pale nyuma, kwenye shetri, kivulini, yalipangwa madumu manne ya lita 20. Nikahesabu kwa macho: lita 80. Nikajisemea moyoni, duh, wazee hawa wamejiandaa, maji mengi haya!

Hapo ndipo nilipokosea.

Novemba, kwa taarifa yako, ni wakati wa tangambili. Kusi imeshaondoka na kaskazi haijafika vizuri. Upepo unakuja, unacheka nawe, unaondoka. Siku hiyo alasiri ulikata kabisa. Tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Bahari ikawa shwari mpaka unaweza kujitazama uso. Mimi nikafurahi, maana kichefuchefu kiliisha.

Jioni nikajisikia nanuka. Jasho, chumvi, harufu ya nazi, basi tabu tupu. Nikamwita yule kijana wa jikoni, nikamwuliza naoga wapi. Akasita kidogo, akanitazama, akasema, "Kaka, ngoja nikuletee." Akaniletea dumu moja. Nikaenda zangu omo, nikajimwagia raha mustarehe, nikapiga na sabuni, nikasuuza hata raba zangu. Nilipolirudisha dumu, lilikuwa limebaki lita tano hivi.

Lita 15, msomaji. Kumbuka namba hiyo.

KIKAO CHA ASUBUHI

Jumapili asubuhi upepo hakuna. Mjomba kama kawaida yake akaenda kutazama maji. Akanyanyua dumu la kwanza, jepesi. La pili, jepesi. Akanyanyua lile langu, akalitikisa. Akauliza kwa sauti ya chini tu, "Nani ameoga?"

Hakuna aliyejibu. Yule kijana akainamisha kichwa. Nikaona nisimwache abebe mzigo wangu, nikasema, "Ni mimi mjomba, nilijua..." Sikumaliza. Nilijua nini? Sikujua chochote.

Nilitegemea atanifokea. Hakufoka, na ndiyo ikaniuma zaidi. Akakaa chini kwenye gunia, akanifanyia hesabu kama mwalimu wa darasa la tatu. Lita 80 kwa watu 8 ni lita 10 kila mtu. Safari ni ya siku mbili, lakini nahodha mwenye akili anabeba ya siku tatu. Kwa hiyo kila mtu ana lita tatu na kidogo kwa siku, za kunywa, kupikia, na yote. "Wewe jana kwa dakika kumi," akasema, "umeoga riziki ya mtu mmoja na nusu ya safari nzima."

Halafu akaongeza maneno ambayo mpaka leo nikifungua bomba yananijia: "Mjomba, mchanga ukiumwaga utazoleka, ila maji ya baharini hayana mwenyewe. Ukimwaga, umemwaga ya mwenzako."

Tulikuwa tumebaki na madumu mawili na kidogo. Tangu saa hiyo yakafungwa kwa kamba, na anayegawa ni nahodha peke yake, kwa kikombe kimoja cha bati. Nusu asubuhi, nusu adhuhuri, nusu jioni, mpaka lita moja na nusu kwa siku. Wali ulipikwa kwa kikombe kimoja cha maji ya bahari na vitatu vya dumu, chumvi ikapatikana bure. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari. Mdomo unasukutuliwa kwa maji ya bahari. Kuoga ni ndoo ya bahari, halafu unajifuta chumvi kwa kitambaa chenye unyevu. Unyevu tu!

KWA NINI USINYWE YA BAHARI?

Najua unaloliwaza, maana na mimi nililiwaza. Si bora ugugumie kidogo ya bahari uzimishe kiu?

Usijaribu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, yaani vijiko vya chai 6 hivi. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko ya bahari. Kwa hiyo ukinywa lita moja ya bahari, mwili unalazimika kutumia maji yake wenyewe ya akiba ili kuiondoa ile chumvi. Umekunywa, lakini umezidi kukauka. Ni kama mtu anayelipa deni kwa kukopa kwa riba.

Yupo daktari mmoja Mfaransa, Alain Bombard, mwaka 1952 alivuka Atlantiki kwa mpira wa kujaza upepo, siku 65. Akadai alikuwa akinywa bahari kidogo kidogo pamoja na maji aliyokamua kwenye samaki. Wengine walimpinga vikali, na mpaka leo mafunzo ya uokoaji baharini yanasema hivi: maji ya bahari hayanywewi, basi.

Mambo haya si ya leo. Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji, Machi 1498, moja ya ugomvi wake na wenyeji ulihusu kuteka maji, mpaka mizinga ikapigwa. Magellan naye alipoivuka Pasifiki mwaka 1520 hadi 1521, zaidi ya miezi mitatu, watu wake walikunywa maji ya manjano yaliyooza kwenye mapipa. Enzi hizo maji yalikaa kwenye mapipa ya mbao, yakiota ukungu na kunuka. Karne ya 19 ndipo meli zilipoanza kupata matangi ya chuma na hali ikawa afadhali.

Na hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Unawajua wale Waarabu wa Kuwait waliokuwa wakija na majahazi makubwa kwa upepo wa kaskazi, wakiingia Rufiji kuchukua boriti za mikoko? Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri nao mwaka 1938 hadi 1939 akafika nao mpaka Rufiji, akaandika kitabu. Basi watu wale kwao Kuwait hakuna mto. Maji ya kunywa ya mji wao yalikuwa yakiletwa kwa majahazi kutoka mto wa Shatt al-Arab kule Iraki, miaka na miaka, mpaka mtambo wa serikali wa kuondoa chumvi ulipoanza kazi mwaka 1953. Mji mzima unakunywa kwa tanga! Watu wa namna hiyo ungewaambia utaoga dumu zima, wangekutupa baharini na raba zako.

USIKU WA JUMAPILI

Narudi kwenye aibu yangu. Jumapili usiku yule kijana wa jikoni akaanza kuharisha. Mwanzo akificha, anajikokota pembeni peke yake. Saa nane za usiku akashindwa kusimama. Nikamshika mkono, ngozi imekuwa baridi, midomo imepasuka. Ananiambia kwa sauti ya mbali, "Kaka, kiu."

Msomaji, sijawahi kusikia neno zito kama hilo.

Mtu anayeharisha anapoteza maji kuliko anayokunywa, na dawa yake ya kwanza ni maji yenyewe: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Hilo nililikumbuka kutoka shule, na sukari tulikuwa nayo. Tatizo ni ile lita moja. Na ikiisha, nyingine. Na nyingine. Mjomba akafungua kamba ya dumu bila kusema neno. Akawaangalia wenzake, wakaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo sisi saba tukashuka mpaka lita moja kwa siku, katika jua la Novemba, ili mmoja anywe.

Nilikaa naye mpaka kunakucha nikimnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, maana akigida anatapika. Kila kijiko nikawa nahesabu zile lita 15. Nilisuuzia raba, jamani! Na kijana mwenyewe ndiye aliyeniletea dumu. Nilimwuliza kwa nini hakunikataza. Akasema, "Nitakukatazaje kaka, wewe mgeni wa nahodha."

Tukaona ufukwe kwa mbali kama mstari wa penseli. Simu hazina chaji, na iliyo nayo haina mtandao. Makasia kwa chombo kizito cha nazi ni kujichosha, na kujichosha ni jasho, na jasho ni maji. Mjomba akakataza hata kuzungumza sana. Mchana kutwa tukakaa chini ya tanga kama kuku wenye kideri.

MVUA ILIPOKUJA

Jumatatu jioni wingu likajikusanya upande wa kusini. Mabaharia wakaamka kama watu waliopigwa shoti. Tanga likafungwa kwa namna ya kuwa na bonde katikati, ndoo ikawekwa chini ya bonde. Matone ya kwanza yakaanguka, mimi huyoo nikakimbilia ndoo na kikombe. Mjomba akanishika bega. "Subiri."

Ndoo ya kwanza, yaani vile vikombe vichache vya mwanzo, ikamwagwa. Nusura nilie! Kumbe tanga lilikuwa limejaa chumvi iliyokauka, na mvua ya mwanzo kazi yake ni kuliosha. Inayofuata ndiyo ya kunywa. Tuliionja, tukaona imekuwa tamu, tukakinga. Ilinyesha kama robo saa tu ikaondoka zake. Tukapata ndoo moja na nusu. Kwa hesabu za mjini hiyo si hata ya kufulia. Kwetu ilikuwa siku mbili za uhai.

Baadaye nilipokuwa nasoma habari hizi nikakuta mbinu ni ile ile kwa kila mtu wa tanga duniani. Mwingereza Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga bila kukatisha safari, aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968 na kurudi tarehe 22 Aprili 1969. Njiani maji ya matangini mwake yaliharibika. Kilichomwokoa ni maji aliyoweka pembeni kwenye madumu ya plastiki, na mvua aliyokinga kwa tanga na ndoo. Na boti yake iliitwa Suhaili. Mtu wa pwani huhitaji kutafsiriwa, suheli tunaijua.

Mmarekani Steven Callahan yeye mwaka 1982 boti yake ilizama Atlantiki, akaelea kwenye mpira siku 76. Alikuwa na vifaa vya kuvukiza maji ya bahari kwa jua, ambavyo baada ya kuhangaika navyo vilimpa kama nusu lita kwa siku. Nusu lita! Ile chupa ndogo unayoiacha nusu kwenye daladala, yeye ndiyo siku yake nzima.

HESABU ZA WENYE BOTI ZAO

Tuseme ukapata mshiko, ukanunua boti yako ya tanga, ukataka kuvuka na marafiki watatu kutoka visiwa vya Canary mpaka Karibiani. Ni kama maili 2,700 za baharini, wiki tatu hivi. Utabeba maji kiasi gani?

Wazoefu wanahesabu lita 2 kwa mtu kwa siku kuwa ni za kubaki hai, na lita 4 kuwa ni za kuishi kama binadamu. Watu 4 mara lita 4 mara siku 21, ni lita 336. Halafu unaongeza nusu yake ya akiba, maana upepo hausaini mkataba na mtu. Jumla lita 504, sawa na madumu 25 ya lita 20. Hebu yapange sebuleni kwenu uone kama utapata pa kukaa!

Siku hizi boti nyingi zina mashine ya kuondoa chumvi. Pampu inasukuma maji ya bahari kwa nguvu zaidi ya mara 50 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, yanapita kwenye utando ambao maji yanapenya na chumvi inabaki. Zipo hata ndogo za kupampu kwa mkono, unahenyeka saa nzima unapata kama lita moja. Hata wenye mashine, bado wanafuata masharti ya mzee wa jahazi. Ukiyataka, haya hapa:

Moja, usiweke maji yote kwenye chombo kimoja. Tangi moja likipasuka au likiingiwa na bahari, umekwisha.

Mbili, yaweke kivulini na gizani. Mwanga unaleta ukungu wa kijani.

Tatu, pima kila siku kwa saa ile ile, uandike. Usikadirie kwa macho kama nilivyofanya mimi.

Nne, kila kinachowezekana kwa maji ya bahari kifanyike kwa maji ya bahari.

Tano, kuna dumu moja haliguswi mpaka nchi kavu ionekane. Hata kama maji ni mengi. Hata kama mgeni ananuka.

KISIJU

Jumanne alfajiri upepo ukaja, mwepesi, lakini wa kweli. Foromali ikapanda, tanga likajaa. Dar ilikuwa mbele, na mteja wa nazi alikuwa anasubiri tangu Jumapili. Mjomba hakutazama Dar. Akageuza chombo kuelekea Kisiju, nchi kavu iliyo karibu, ili kijana apate zahanati. Nilimwuliza kuhusu mteja. Akasema, "Nazi zitaoza zikitaka."

Adhuhuri tulikuwa ufukweni. Kijana akawekewa maji ya mshipa, na siku ya pili akakaa kitako akaomba uji. Mjomba alipofika Dar mteja alishanunua kwingine, nazi zikauzwa kwa bei ya kutupa. Hakuniambia ni hasara kiasi gani. Nilimwuliza mara mbili, mara zote mbili akaniuliza hali ya mama.

Naandika hivi si kwa ajili ya kujitoa kimasomaso. Naandika kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja, nikakuta bomba la nje linatiririka, mtu anaosha pikipiki huku anachati. Nikaenda nikalifunga. Jamaa akanishangaa, "Vipi wewe, bili unalipa wewe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ningemwambia nini, kwamba kuna kijana wa miaka 17 aliwahi kuniambia neno moja usiku?

Wewe msomaji jaribu kitu kimoja. Jumamosi hii teka lita tatu tu, ziweke mezani. Hizo ndizo zako tangu asubuhi mpaka unalala: kunywa, kupika, kunawa. Ikifika saa kumi jioni, ujitazame umebakiwa na nini. Halafu jiulize kama ungemgawia mwenzako.

Yule kijana bado yuko kwenye chombo cha mjomba, siku hizi amepanda cheo, hapiki tena, anashika tanga. Mwezi jana nilikwenda kuwapokea bandarini. Nilibeba dumu la lita 20, limejaa, begani, kutoka kituoni mpaka kwenye gati. Mabaharia walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana akalipokea, akalitikisa, akasema, "Kaka, hili limejaa kweli. Leo hujaoga?"

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.